Treni ya Dada Sebuleni Kwetu

Dada yangu alienda Ujerumani kutunza wazee nikiwa bado namnyonyesha binti yangu. Mtoto akaanza kung'oka meno na dada hajarudi hata mara moja. Karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa, na akitoka kabla hazijakamilika huenda asiruhusiwe kuingia tena. Tulimzoea kwenye simu: uso wake, na ukuta mtupu nyuma yake.

Mwaka huu mtu wa kwetu anayeishi huko alikuja likizo, akatuletea boksi kutoka kwa dada. Ndani mlikuwa na treni ya kuchezea, ile ya mwendo kasi, nyeupe yenye mstari mwekundu, pua imechongoka, pamoja na mabehewa na vipande vya reli vya kuunganisha.

"Hii ndiyo mimi hupanda nikienda kazi," dada alimwambia binti yangu kwa simu.

Binti yangu akachungulia madirisha ya behewa. "Anti, wewe unakaa wapi?"

"Hapo kwa dirisha. Kila siku kwa dirisha."

Mama alikuwa kwetu Huruma, ametoka kijijini Soy kuja kupimwa macho. Mume wangu akasukuma viti, akapitisha reli chini ya meza, chini ya pazia linalotenga kitanda, hadi mlangoni na kurudi. Treni ilipoanza kunguruma dada akasema, "Niwekeni juu yake. Nataka kutembea hiyo nyumba."

Mume wangu alifunga simu juu ya behewa kwa mpira, treni ikapinduka. Basi nikapiga magoti, nikaifuata treni kwa kutambaa, simu nimeishika karibu na sakafu. Dada akaona mitungi ya maji, gunia la mahindi, viatu vya mtoto.

"Polepole," akasema. "Hiyo pazia si ni leso yangu?"

"Ni yako. Uliiacha."

Tukapinda kona, tukafika kwenye kiti cha Mama. Dada akaniambia nisimame hapo.

"Mama, miguu imevimba hivyo tangu lini?"

Mama akaivuta chini ya sketi. "Ni baridi tu, mtoto wangu."

Hatukuwahi kumwambia. Kwenye simu tulikuwa tukimwonyesha uso wa Mama peke yake, na uso ulikuwa mzuri.

"Mimi nakanda miguu ya mama za watu huku," dada alisema. "Chemsha maji kidogo. Weka chumvi."

Nikaleta beseni. Dada akanielekeza kila hatua: anzia vidoleni, panda kuelekea goti, usikimbie. Mama alifumba macho.

"Iko sawa hivyo?" nikamuuliza.

"Iko sawa," akasema. "Lakini dada yako alikuwa anabonyeza kwa nguvu zaidi."

Dada alisikia. Alifunika kamera yake kwa kiganja, na kwa muda mrefu tuliona weusi tu.

Kesho yake nilimpeleka Mama kwa daktari, akakuta presha iko juu. Alipewa dawa, uvimbe ukapungua, akarudi Soy kuwahi kupanda.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Soy kumsaidia Mama kupanda, dada akapiga akauliza kama mvua imeanza. Nikamwambia imenyesha usiku kucha na shamba lote limelowa. Akaniuliza udongo unanukiaje. Nilijaribu kumweleza, nikashindwa, basi nikapiga magoti, nikashusha simu hadi karibu na udongo.