Nilipopiga Yowe Kitendaguro

Siku ile naikumbuka, mjukuu wangu, ingawa ningependa kuisahau. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, nami nilikuwa mke mpya hapa Kitendaguro, nimetoka kwetu Kishanda bila kujua kwamba mjini watu hufunga milango mchana. Kwetu tulifunga mlango kuwazuia mbuzi. Tulikuwa tumepanga kwa Bi Zainabu, mjane wa Kiislamu, mzaliwa wa hapa hapa Bukoba, ambaye babu yake alikuwa mtu wa pwani aliyekuja na biashara akaoa Mhaya. Mume wangu alikuwa Izimbya kwenye kibanja cha baba yake, akipalilia migomba. Nilibaki na cherehani yangu. Ndiyo zawadi niliyopewa na baba nilipoolewa, na ndiyo iliyotulisha.

Nilikwenda bombani. Niliporudi na ndoo kichwani, nikamwona mwanamume anatokea mlango wetu wa nyuma, cherehani begani. Niliitupa ndoo, nikapiga yowe.

Siku hizo, mwanangu, yowe lilikuwa na miguu. Watu walitoka migombani na majembe yao, wengine na mapanga, matope hadi magotini. Hawakuuliza ni nani anayelia. Walimkamata mwizi kwenye mfereji kabla hajafika barabarani. Alikuwa Novati, mchukuzi wa mizigo sokoni, wote tulimjua. Mtaa ulikuwa umeibiwa sana miezi ile: kuku, mabati, hata sufuria jikoni na ndizi zake ndani. Kwa hiyo kila aliyempiga alikuwa anampigia cha kwake.

Siwezi kukusimulia yote. Nilisimama nimekumbatia cherehani, gurudumu limevunjika, nikasikia mtu anaagiza mafuta ya taa.

Ndipo akaja Bi Zainabu. Alikuwa mzito wa mwili, magoti yanamsumbua, lakini watu walimpisha wakidhani naye anataka kupiga pigo lake. Akatoa khanga yake ya juu, akamfunika Novati, kisha akaketi kwenye tope kando yake na kumwekea mkono kichwani.

"Bibi, ondoka hapo," akasema kijana mmoja mwenye jembe. "Leo kwa Editha, kesho kwako."

"Kwangu alishaiba. Kuku wangu. Unadhani simjui?"

"Sasa unamtetea nini?"

Alinigeukia mimi. "Editha, mwanangu, ni wewe uliyewaita watu hawa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi sauti iliyowaita ndiyo iwarudishe."

Mawe, yaani mama yangu! Nilikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Na niliwaogopa. Wale watu walikuwa wameacha kazi zao kwa ajili yangu, mimi mgeni, nitawaambiaje waache? Wahenga walisema wengi wape. Lakini nilimtazama Bi Zainabu pale chini, nikaona kwamba wakianza tena wataanzia kwake. Nikasema, "Waitu, ndugu zangu, asanteni. Mali yangu nimeipata. Twendeni naye polisi."

Hakuna aliyesogea. Nikarudia kwa Kihaya, kwa kelele, nikilia. Mzee mmoja akashusha jembe lake. Mwingine naye akashusha. Tukampeleka kituoni kwa mguu, Bi Zainabu katikati, akitembea polepole. Kwa makusudi au kwa sababu ya magoti, sijui.

Usidhani mambo yaliishia pazuri. Novati alifungwa, akatoka, na haikupita muda akaiba tena, safari hii taa ya Bi Zainabu mwenyewe, barazani kwake. Watu walimcheka yule bibi. Siku moja tukimenya ndizi nikamwuliza kama hajuti.

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyechelewa kuelewa.

"Kwani ulifikiri nilimwokoa kwa kuwa ni mwema? Mwizi ni mwizi. Mimi nilikuwa nawatazama wale wenye majembe. Wengi wao nimewapakata. Sikutaka walale wakiwa wauaji, halafu kesho waje kuniamkia shikamoo."

Sasa nimezeeka, mwanangu, na nimechoka. Kitendaguro imejaa kuta zenye vipande vya chupa juu, na mbwa wanaobwekea hata majirani. Wizi haujapungua. Yowe likipigwa, watu huongeza sauti ya redio. Au wakitoka, hutoka na petroli, na simu za kupigia picha. Mwezi uliopita, mtaa wa pili, walimwua kijana wa bodaboda kwa ajili ya simu. Jioni simu ikapatikana kwenye kochi la mwenyewe, imeteleza nyuma ya mto. Nilikwenda msibani. Mama yake hakulia, alikuwa anapokea kila mkono na kusema, "Karibu." Nikapita pia kwa mwenye simu, aliyekuwa amejifungia ndani. Hakuwa na neno isipokuwa, "Mimi nilipiga yowe tu, bibi." Ningemwambia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimesikia nawe umejiunga na ulinzi wa mtaa. Sikukatazi. Ukisikia yowe, toka, hata kama umechoka, maana mtaa usiotoka ni pori. Ukimkamata mtu, mfunge mikono, mpeleke kwa mwenyekiti, mpeleke polisi. Na wakimwachia, nenda tena ukatoe ushahidi, kwa sababu mara nyingi mwizi huachiwa pale sisi tusipotokea kusema. Najua njia hiyo inachosha, nimeipita. Hiyo nyingine huonekana fupi, lakini aliyeipita hafiki. Hasira ya wengi haina mwenyewe, ila mzigo wake kila mtu huubeba peke yake, akiwa kitandani, akiwa kanisani. Na akitokea mmoja wa kusema "acheni", simama karibu naye. Usingoje wa pili awe mtu mwingine.

Mungu akulinde unapowalinda wengine. Asikufanye mwepesi wa hasira, akurudishe nyumbani mzima, na mikono yako ibaki safi ya kumega tonge na wanao. Amina. Nenda sasa, mama yako anakungoja.