Mtoto Aonje Kwanza

Utoto wangu unanuka ndizi mbivu, na sisemi hivi kwa mapenzi. Wenzangu niliokua nao Kibimba wakikumbuka nyumbani husifu ukungu wa asubuhi juu ya migomba. Mimi nakumbuka ndizi zilizoiva kupita kiasi zikikanyagwa pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, nyuki wakizama humo, na mwanamume aliyenawa nyayo kwa kopo moja la maji akizikanyaga huku anapiga soga. Juisi iliyotoka hapo ndiyo iliyokuwa heshima ya nyumba. Nikiiona tu nilijaa mate mdomoni, na hayakuwa mate ya hamu.

Nilikuwa na sababu zangu. Kabla sijajua kusoma vizuri niliugua kiu. Nilikunywa hata maji waliyowekewa mbuzi, nikaanza tena kukojoa kitandani, nikakonda mpaka sketi ya shule ikawa inafungwa kwa kamba. Nyuma ya nyumba, mahali nilipojisaidia haja ndogo, sisimizi walikuja kwa misururu. Nikichuchumaa walinipanda vidoleni. Hakuna aliyenieleza kwamba walifuata utamu uliotoka mwilini mwangu. Nilidhani nimeanza kuoza, na kwamba wadudu wamelijua hilo kabla ya watu.

Nililelewa na Bibi, mama yake Baba, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa mbali wakitafuta riziki. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, na tulirudi na jina la ugonjwa, kisukari, pamoja na insulini, dawa ambayo ningechomwa kila siku maishani mwangu. Friji hatukuwa nayo. Chupa ilikaa chini ya kitanda, ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji. Kila asubuhi Bibi alimtoa kwanza chura mdogo aliyeupenda ule ubaridi, kisha akaitoa dawa. Nilimchukia yule chura, nikaichukia na harufu ya dawa, harufu ya wodi iliyodekiwa muda si mrefu, ambayo ilibaki pajani mwangu hata nikiwa darasani.

Watu wenye afya hufikiri ugonjwa huu ni kuacha chai ya sukari, basi. Laiti. Sahani ileile ya ndizi na maharage, ukila leo sukari inapanda mpaka macho yanaona ukungu na ulimi unakuwa kama gunia. Ukila kesho, ukacheza kidogo au ukanyeshewa, inashuka mpaka magoti yanagonga. Ukipata malaria inapanda bila hata kula. Mwili wangu hauna adabu, na tangu utotoni nimekuwa nikiusimamia kama mtu anayechunga ng'ombe mwizi.

Bibi aliliweka somo hilo kwa namna aliyoona itamwingia mtoto. Kitamu kwako ni sumu, aliniambia. Ukinywa ile juisi utakufa. Upande wa pili wa somo, kwamba ikishuka ni hicho hicho kitamu kinachookoa, aliushika yeye mwenyewe. Nilipotetemeka aliniletea maji yaliyokorogwa sukari, akayaita dawa, nami nikanywa dawa. Hakuona haja ya kunichanganya kichwa.

Sasa lazima nieleze habari ya sumu, maana kwetu halikuwa neno la kusema ovyo. Iliaminika kwamba ziko nyumba zenye sumu, na kwamba mwanamke huirithi kwa mama yake, apende asipende. Sumu hiyo, walisema, ina njaa. Inataka mgeni. Mwenye nayo asipoilisha mgeni inamgeukia yeye na watu wa nyumba yake, inawakausha mmoja mmoja. Ndiyo maana mgeni hanywi mpaka mtu wa nyumba ameonja mbele yake. Na si mtu yeyote. Mwanamke mtu mzima akionja haimtoshi mgeni, kwa sababu mwenye sumu anayo na dawa ya kuizuia, ataonja na hatadhurika. Anayeaminika ni mtoto. Mtoto wa nyumba akinywa, maneno yamekwisha.

Bibi alikuwa mjane. Babu alifariki kwa tumbo la ghafla. Kisha mjukuu wake akaanza kukauka, na sisimizi wakaonekana, na majirani wakasikia kwamba kila asubuhi anamdunga mtoto sindano. Hakuna aliyekuja kuuliza. Waliendelea kumwamkia, shikamoo, marahaba, wakaendelea kusali naye jumuiya, ila aliyepewa kinywaji kwetu alisema ametoka kunywa sasa hivi. Nikikumbuka zile nyuso za upole zikikataa kikombe, ndipo hasa kichefuchefu kinaponishika.

Walipokuja kumposa Shangazi Devota, binti wa mwisho wa Bibi, kila mtu pale nyumbani alijua ni nini kinachongojwa. Wachumba wawili wa vijiji vya karibu walikwisha kujiondoa bila kutoa sababu. Hawa walitoka Bisibo, upande wa Biharamulo, mbali kidogo na umbeya wetu. Wao ni Wasubi na sisi ni Wahangaza, kwa hiyo siku hiyo ilizungumzwa kwa Kiswahili, kile cha shuleni na sokoni, kila mtu akichagua maneno kwa uangalifu.

Asubuhi hiyo sukari yangu ilikuwa juu. Bibi alingoja mpaka akaona wageni wanashuka barabarani na chakula kiko tayari, ndipo akanichoma. Dawa ile ukishachomwa ule, usikae. Mpango ulikuwa kwamba wageni wakaribishwe kwa kibuyu, wapakuliwe, nasi watoto tufuate papo hapo. Shangazi alikuwa amefungiwa chumba cha ndani kama desturi inavyotaka. Wanawake waliopika walikuwa jikoni nje, nyuma ya migomba.

Kibuyu kililetwa kikiwa na juisi mbichi, isiyotiwa mtama wa kuichachusha, kwa sababu kati ya wageni walikuwamo wasiokunywa pombe. Juu yake palielea povu na mabawa ya nyuki. Mrija mmoja, wa watu wote. Bibi alipiga goti, akasema, "Karibuni, ngoja niwaonjee."

Aliyemzuia alikuwa mama mkubwa wa bwana harusi, Mama Felisita. Mwanamke mkubwa wa umbo, mwenye ugoro uliojaa mdomo wa chini, kila mara akiufyonza kwa sauti. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na miguu yake na sikuweza kuacha kuutazama ule mdomo.

"Mama, si kwa ubaya," alisema. "Mtoto aonje kwanza."

"Huyu ana sukari," Bibi alijibu. "Nitaonja mimi."

"Sukali? Huyu?" Mama Felisita alinitazama kuanzia kichwani. "Sukali ni ya wazee wenye vitambi. Huyu hata mbavu unazihesabu."

Wanaume wao walicheka. Bibi hakucheka. Mzee aliyekuwa msemaji wa wageni aliniita kwa upole, akanielekezea mrija. "Njoo, mjukuu. Kidogo tu."

Nilikuwa mtoto mtiifu na nilikuwa nimefundishwa vizuri. Nikasema kwa sauti ya mtoto anayejibu swali darasani, "Bibi amesema nikinywa hiyo nitakufa."

Mzee aliurudisha mrija ndani ya kibuyu taratibu. "Basi," alisema, "tumesikia." Vijana wao walianza kutafuta viatu kwa macho.

Bibi alianza kueleza. Alieleza hospitali, sindano, chungu chenye mchanga, na kila alichokisema kilizidi kumzamisha. Kisha akanikumbuka. Aliona muda unapita na dawa iko mwilini mwangu bila chakula, akainuka. "Nimletee mtoto ale kwanza."

"Kaa, mama," alisema mzee. "Tukae wote hapa mpaka tuelewane."

Maana iliaminika kwamba mwenye sumu akishagunduliwa hukimbilia ndani, kuificha au kuinywea dawa yake. Bibi alilijua hilo kama wao walivyolijua. Akitoka, binti yake hataolewa, si na hawa wala na wengine. Akakaa. Aliita jikoni mara moja, lakini huko walikuwa wakiimba. Nimemsamehe kwa kule kukaa, ila bado siipendi picha ya mwanamke mtu mzima aliyezuiwa ndani ya nyumba yake na watu waliokuja kula kwake.

Ilianza midomoni, kama kawaida. Ganzi, halafu jasho baridi mgongoni, halafu njaa mbaya iliyochanganyika na hasira. Mikono ilitetemeka. Ugoro wa Mama Felisita ulinuka kwa nguvu nikataka kutapika, na tumbo halikuwa na kitu. Bibi aliona. Hakuomba ruhusa tena. Alikishika kibuyu kilichokuwa mbele yetu, akanivuta kifuani.

"Imeshuka. Kunywa."

"Si umesema akinywa anakufa?" mzee aliuliza.

"Ikipanda, kinamuua. Ikishuka, asipokunywa anakufa."

Mimi mwenyewe leo, nikiyasema maneno hayo kwa walimu wenzangu, naona nyuso zinavyobadilika. Fikiria yalivyosikika pale. Nami sikumsaidia. Kichwa changu kilishaanza kuingia giza, na kilichobaki humo ni somo lake, kwamba ile ni sumu. Nilikaza meno. Juisi ilinimwagikia kidevuni, ikateremka shingoni, yenye joto na inayonata, nikaitema usoni mwa Bibi. Nikapiga kelele kwamba ananiua. Bibi alilia. Wale wanaume walikuwa wamesimama, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

Aliyesogea ni Mama Felisita. Aliteremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti mkekani, uso wake karibu na wangu.

"Mama," alimuuliza Bibi, "ni kweli asipokunywa anakufa?"

"Kweli."

Alikitazama kibuyu. Akafanya ishara ya msalaba, akautia mrija kwenye ule mdomo wenye ugoro, akavuta. Hakugusisha tu ulimi. Nililiona koo lake likipanda na kushuka, akavuta tena. Mrija ulipotoka ulikuwa na mstari wa kahawia na uzi wa mate uliokatika hewani.

"Umeniona?" aliniambia. "Sasa wewe."

Niliufungua mdomo. Ulikuwa utamu, ugoro, mate ya mtu nisiyemjua na bawa la nyuki lililonasa kwenye fizi, na nilivinywa vyote. Katika maisha yangu sijawahi kuingiza mwilini kitu kichafu kuliko kile. Giza lilitoka kichwani kidogo kidogo. Nilimwona Bibi ana juisi kwenye kope. Niliomba chakula.

Wageni hawakunitazama mimi. Walimtazama Mama Felisita, jinsi watu wanavyotazama chungu kilichoinjikwa motoni. Alikuwa amerudi kwenye kiti, mikono juu ya tumbo. Baada ya muda aliwaambia wakae, mtoto ana njaa na yeye pia. Wakakaa, wakapakuliwa, wakala. Bibi aliunywea mrija uleule baada yetu, bila mtu kumwomba, na nafikiri hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akinywa kwa hasira.

Shangazi Devota aliolewa Bisibo na yuko huko mpaka sasa. Msidhani lakini kwamba majirani wa Kibimba walijirekebisha. Walisema sumu ya Bibi imeogopa ishara ya msalaba. Bibi alikufa wakiwa bado wanasema wametoka kunywa sasa hivi.

Mimi nafundisha shule ya msingi Nyarubungo. Mezani kwangu kuna soda ya moto, iliyokwisha gesi, kwa ajili ya siku za kushuka. Nikiinywa huwa nafumba macho, maana kila kitamu kinachoniokoa kinakuja na ladha ya ugoro. Watu huniambia nimezoea. Sijazoea. Nachukia kuchomwa, nachukia kujipima, nachukia kunywa kitu nisichokitaka ili nione jioni.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimia Shangazi, nikapita kwa Mama Felisita. Amezeeka, meno yamekwisha, ugoro haujaisha. Nilimuuliza kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumuuliza, kama siku ile alimwamini Bibi.

"Hapana," alisema. "Nilijua ni sumu. Usiku ule sikulala, nilikuwa nangoja tumbo lianze."

"Sasa kwa nini ulikunywa?"

Aliniangalia kana kwamba hata swali halina maana. "Ulikuwa unakufa, na hukutaka kunywa peke yako."

Nilikuwa nimetembea juani kutoka barabarani na mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Aliiona kabla yangu. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha juisi ya ndizi, akaonja kwanza, akanipa. Ukingoni palikuwa na alama ya kahawia. Kwa kawaida mimi hukigeuza kikombe nitafute upande ambao mtu hajaugusa. Siku hiyo sikukigeuza. Niliziba pua tu.