Watoto wa Safu Tupu

Nabintu Muhigirwa, binti wa wachuuzi wa Bukavu waliohamia Kamembe, alikuwa na mwaka wa saba akiingiza majina ya watoto kwenye kompyuta ya shirika moja la chanjo. Basi alipoletewa Munyaneza, mtaalamu kutoka Kigali mwenye kompyuta mbili na salamu ya vidole viwili, hakumshangilia. Kwa siku moja mtaalamu akaandika hoja ya SQL, yaani maagizo ya kuchota majina kwenye kompyuta, akachapisha orodha ya watoto wa tarafa ya Bweyeye wa kuchanjwa surua, akajisifu hadi jioni.

Jumatatu akatokea bibi Mukamazimpaka, katoka Bweyeye, tope hadi magotini, mjukuu mgongoni. Wauguzi wa kule walimrudisha: mtoto hayumo kwenye orodha.

"Papa Munyaneza," alisema Nabintu, "huyu mutoto nilimuandika miye mwenyewe. Eko wapi?"

"Kama kompyuta haimwoni, Mademoiselle, basi hayupo."

Hayupo! Naye alikuwa pale pale, analia, amekilowesha kiti cha mtaalamu.

Nabintu akaifungua hoja, akaisoma mara moja tu. Jedwali la watoto lilikuwa limeunganishwa na la watu kwa njia moja: safu ya namba ya mama mzazi. Mtoto ambaye mama yake alifariki au hajulikani, safu hiyo ikiwa tupu, alidondoka kimya. Na pembeni yake ilikuwepo safu nyingine, namba ya mlezi, aliyoijaza Nabintu miaka yote saba.

"Hii safu hukuiona?"

"Niliona ni marudio."

"Marudio! Koko, bibi yake, analea mutoto, weye unamuita marudio? Masomo yote ile, walikufundisha kufunga tai tu?"

Akaliunganisha jedwali la watu mara mbili, kwa mama na kwa mlezi, akaagiza: mama akikosekana, chukua mlezi, wote wakikosekana, mtoto abaki kwenye orodha. Watoto themanini na mmoja wakarudi. Mjukuu wa Mukamazimpaka akachanjwa asubuhi ile ile.

Ijumaa, mkutanoni, Munyaneza aliwaeleza wakubwa kuhusu "maboresho yangu".

"Papa," Nabintu akauliza kutoka nyuma, "tufasirie basi. Kwa nini jedwali ya batu inaitwa mara mbili?"

Munyaneza akanywa maji. Akanywa tena. Mkurugenzi, Maman Joséphine, akamkazia macho, kisha akageuka.

"Nabintu, eleza weye."

Akaeleza akiwa amekaa. Kusimama kwa ajili ya mtu yule aliona ni kuyachosha magoti bure.