Munene Alizikwa Lublin

Igoki alikuwa amebakisha mitihani miwili arudi Kenya wakati Munene alipokufa.

Chuo chake kilikuwa kimempeleka Poland kwa muhula mmoja, Oktoba hadi Februari, kusomea takwimu za afya. Kwao ni Gachoka, huko Mbeere, ambako mama yake, Felicitas, hulima ndengu na kufuga mbuzi, na ambako hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kupanda ndege kabla yake. Siku ya kuondoka kanisa lilimwombea akiwa amepiga magoti mbele, na mchungaji akasema, "Huyu si wa Felicitas peke yake. Ni wetu sote." Igoki alienda na neno hilo hadi Lublin. Kila alipotaka kulala badala ya kusoma, lilimwamsha.

Munene alikuwa amemtangulia huko miaka mitatu. Alisomea uhandisi, na jioni alifungasha mizigo katika ghala moja nje ya mji. Alikuwa mtu wa Kibirichia, kule juu kwa Wameru, kwenye baridi na viazi. Nyumbani wangepishana bila hata kusalimiana. Mtu wa Gachoka ana shughuli gani Kibirichia? Lakini siku alipomsikia Igoki dukani akiongea na mamake kwa simu, kwa Kimbeere, alisimama katikati ya rafu za mikate akaanza kucheka peke yake.

"Wewe ni wa Embu?" akamuuliza.

"Mbeere."

"Basi wewe ni dada yangu. Huku hakuna mlima wa kututenganisha."

Kuanzia hapo alimpikia kila Jumapili. Kimeru chake na Kimbeere cha Igoki vilielewana nusu, nusu iliyobaki wakaijaza kwa Kiswahili. Munene alipenda kuongea. Aliongea juu ya viazi vya Wapolandi, ambavyo alisema havina ladha, na juu ya mama yake, Cicily, anayekamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri huku akiimba tenzi za Methodisti kwa sauti ya kuamsha majirani. Kufika Desemba Igoki alikuwa amechoka. Munene angepiga simu bila neno la maana, akae hewani saa nzima. Igoki aliuona upweke wake na ukamtisha, kwa sababu wake mwenyewe ulikuwa papo hapo, umefunikwa na vitabu.

Jumatano ya pili ya Januari Munene alipiga simu mara tatu. Igoki aliigeuza simu ikalala kifudifudi mezani. Baadaye akamwandikia: "Niko na mtihani Ijumaa. Nitakupigia Jumamosi." Munene akajibu kwa ujumbe wa sauti. Igoki hakuufungua, alijua jumbe za Munene zilivyo ndefu. Ijumaa alifanya mtihani. Jumamosi alilala hadi adhuhuri, akafua nguo, akamsahau.

Jumapili asubuhi alipigiwa na Mzambia mmoja aliyeishi na Munene. Alikuwa ametoka kazini, akamkuta kitandani ameshakauka. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba mapafu yote mawili yalikuwa yameharibika kwa siku kadhaa.

"Hukumsikia akikohoa?" Igoki akamfokea.

"Nilimsikia," Mzambia akasema. "Kila mtu anakohoa huku."

Ndipo Igoki akaufungua ule ujumbe. Ulikuwa wa sekunde thelathini na nane tu.

"Igoki, sikusumbui, wewe soma. Lakini zile antibayotiki ulikuja nazo kutoka nyumbani, zimebaki? Daktari hapa nimeambiwa ni hadi Jumanne. Kama ziko, niletee tu hapo mlangoni, usiingie nisikuambukize." Hapo alikohoa kwa muda mrefu. "Ama uniambie nije mimi."

Dawa zilikuwa ndani ya droo. Pakiti haikuwa imefunguliwa.

Siku ya nne akapigiwa na Mbae, kaka yake Cicily, kutoka Kibirichia.

"Kumleta kumetushinda," Mbae alisema. "Mama yake amekubali azikwe huko. Lakini amesema lazima awepo mtu wa nyumbani."

"Mzee, mimi si Mmeru."

"Huko wewe ndiye wa nyumbani."

Walimzika Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa sita mchana. Ardhi ilikuwa imeganda na kaburi lilichimbwa kwa mashine. Walikuwa watu tisa na padri, ambaye alisoma Kipolandi chake bila kuinua macho. Igoki aliishika simu juu kwa mikono miwili. Upande wa pili, Kibirichia, saa nane, Cicily alikuwa ameketi uani amejifunga leso kichwani, na nyuma yake akina mama wa kanisa wamesimama kimya.

"Geuza," Cicily akasema. "Nataka kuona shimo."

Igoki akageuza simu.

"Amevaa nini?"

"Sweta ya bluu, mama."

"Ile nilimfumia?"

Igoki hakuwa ameona ndani ya jeneza. Lilifika limefungwa. "Ndiyo, mama. Hiyo hiyo."

"Haya. Nirushie mchanga."

Igoki akaokota bonge, akarusha. Liligonga mbao kwa kishindo.

"Hayo ni mawe?" Cicily akauliza. "Mnamrushia mtoto wangu mawe?"

"Ni mchanga, mama. Umeganda na baridi."

Cicily akaanza kulia, na hapo simu ikazimika yenyewe. Baridi ilikuwa imemaliza betri. Kaburi lilifunikwa bila mtu wa Kibirichia kuona.

Mitihani miwili iliyobaki Igoki aliifanya yote. Mmoja ulikuwa juu ya namna ya kukadiria vifo katika kila watu elfu, na alishangaa kwamba aliujibu wote. Wiki ya mwisho alitembea sana, peke yake, kando ya mto ulioganda. Alijaribu kukumbuka ni kitu gani alichokuwa akikimbilia Jumatano ile. Hakuwa mtu mbaya. Alijiambia hivyo, na kila alipojiambia aliisikia ile sauti ikisema, *sikusumbui*. Chuo kilimpa fomu ya kujaza kabla ya kuondoka: muhula huu umejifunza nini? Akaandika mistari mitatu kuhusu programu za kompyuta, akairudisha.

Gachoka walimpokea kwa vigelegele na mbuzi akachinjwa. Aliwatabasamia wote. Baada ya siku tano alimsikilizisha mama yake ule ujumbe, jikoni, mlango umefungwa.

Felicitas alisukuma kuni ndani ya moto. Kisha akasema, "Futa. Huyo mama ameshazika. Unataka azike tena?"

"Maitu, ndiyo sauti yake ya mwisho."

"Basi ubaki nayo wewe. Huo ndio mzigo wako."

Igoki hakufuta. Wiki iliyofuata alipanda hadi Kibirichia na begi la vitu vya Munene: vitabu, viatu, saa ya mkononi. Cicily alikuwa mwembamba kuliko alivyoonekana kwenye simu. Alimkumbatia muda mrefu, akamwita *mwari*, binti yake, akamwekea chai na viazi vya kuchemsha. Alitoa vitu kwenye begi kimoja kimoja akivinusa.

"Wewe ndiye ulikuwa naye," akasema. "Niambie. Mwisho alisema nini?"

Njiani Igoki alikuwa ametunga jibu. Angesema Munene alimtaja mama yake, na nani angebisha? Lakini alipomwangalia yule mama ameshika kiatu cha mwanawe mapajani, jibu lilikataa kutoka. Akatoa simu, akaiweka mezani kati ya vikombe, akabonyeza.

Cicily alisikiliza. Akaomba tena, akasikiliza tena, mkono kifuani. Mbae, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alitoka nje.

"Hizo dawa," Cicily akasema, "zilikuwako?"

"Zilikuwako, mama."

"Na wewe siku hiyo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma. Sikufungua ujumbe. Nilikuwa na mtihani."

"Ulipita?"

Igoki alishindwa kuinua macho. "Nilipita."

"Haya," Cicily akasema.

Hakupiga kelele, wala hakumfukuza. Alimwomba atume ile sauti kwenye simu ya Mbae, akangoja hadi ikafika. Kisha akainuka akaenda kwa ng'ombe, na hakurudi ndani hadi Igoki alipoondoka. Mbae alimsindikiza hadi barabarani. "Ulifanya vizuri kusema," alimwambia, lakini alisema akitazama shamba.

Aprili walimfanyia Munene ibada ya kumbukumbu na kusimika msalaba mwishoni mwa shamba la viazi. Igoki hakuambiwa. Aliona kwenye status ya Mbae akiwa chuoni, kati ya vipindi. Kwenye jalada la kijitabu cha ibada walikuwa wameweka picha ya Munene akicheka mbele ya kanisa moja la Lublin, siku ya theluji ya kwanza. Igoki aliikumbuka siku hiyo. Walipigwa picha wote wawili, na yeye ndiye aliyemtumia Cicily. Sasa ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Upande wa kushoto, begani mwa Munene, palibaki vidole vinne vya glavu nyekundu.