Pole ya Kwenye Simu

Juzi nilikuwa msibani Bombambili. Mfiwa, mama aliyempoteza mumewe, alikaa kwenye mkeka, na kila aliyeingia aliinama, akampa mkono na kumwambia pole. Huku kwetu, hata mwenye haraka zake hufanya hivyo kwanza.

Akaingia mdogo wa marehemu, bwana wa suti, simu mkononi. Akakaa pembeni ya mkeka bila kusalimia mtu. Mama akamnyooshea mikono yote miwili.

"Shemeji, umefika?"

Bwana hakuinua macho. Aliinua kidole. "Subiri kidogo, shemeji, kuna kitu namalizia."

Mikono ya mama ikabaki hewani, kisha akairudisha mapajani taratibu. Mara simu yake ikalia kwenye pindo la kitenge. Akaitoa, akasoma kwa sauti ya chini: "Pole sana shemeji yangu mpendwa. Katika kipindi hiki kigumu niko karibu nawe."

Kumbe ndicho alichokuwa akimalizia. Na alikituma kwenye grupu la ukoo, ili wote waone alivyo na huruma. Watu wa aina yake hujisifu kwamba hawakosi msiba. Ni kweli, simu zao huhudhuria misiba yote.

Mama akaifuta simu kwa kitenge, akaandika polepole. Ya bwana ikalia. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nikachungulia, wala sioni aibu.

"Asante shemeji. Ukipata nafasi, njoo msibani."

Bwana akasoma, akamjibu kwa alama ya dole gumba.