Profesa Aliyenipa Kinu

Profesa yule alikuwa mwalimu wa wale wanaosomea kazi ya infirmiere, ya kuuguza wagonjwa, hapa Bunia. Kazi yake miaka yote ilikuwa kuchunguza magonjwa ambayo siye wanamuke tunaficha chini ya kikwembe. Vita ilikuwa imepoa kidogo, lakini mule mutaa wetu wa Nyakasanza kila mutu alikuwa angali anatega sikio kwa jirani.

Mukwe wangu, bibi ya mutoto wangu mwanaume, alikuwa anavuja mukojo tangu azae. Nilijua kwa harufu. Lakini kwetu mukwe hasemi maneno ya mwili wake mbele ya mama mukwe, na mama mukwe haulizi. Mutoto wa watu alikuwa anakonda tu.

Siku moja, katika kuzunguka kwake nyumba kwa nyumba, profesa akaingia kwetu, akaona mukwe amekaa na sombe, majani ya muhogo, iko kwenye kinu. Akanisalimia vizuri, halafu akasema, "Mama, twanga."

"Mimi nitwange, na huyu akae?"

"Yeye iko na kazi ingine. Twanga kwa nguvu, jirani asisikie."

"Na mimi je?"

"Hata weye, mama."

Hasira ilinipanda. Nikatwanga ile sombe kama vile naua nyoka, na wao wakakaa pembeni, kichwa kwa kichwa. Nikipumuzika, profesa ananyoosha kidole: endelea! Sombe ikageuka uji, wao wangali wanasemezana.

Wenye masomo wengi walishatuletea maswali. Yule alijua kwanza nani asisikie jibu.

Kesho yake profesa akamupeleka mukwe kwenye hospitali. Walimupasua, akapona. Yale waliyosemezana hajaniambia mupaka leo, na ni vizuri vile.