Mlinzi wa Kisima na Wasomaji wa Bwana Silima

Kwa miaka ishirini na mbili Bwana Silima alikuwa karani wa mizigo bandarini Mkoani. Kazi yake ilikuwa kuandika magunia na magodoro yanayopanda na kushuka boti ya Unguja, na hakuna aliyemdhania kuwa na jambo jingine kichwani. Kumbe analo. Baina ya boti moja na nyengine alikuwa akichomoa daftari la skuli chini ya makaratasi ya bandari na kuandika riwaya, na wachukuzi wakimwona ameinama wakajua bwana mkubwa yuko kazini.

Riwaya yenyewe ilikuwa hivi. Mpima ardhi wa siku hizi, mwenye simu na kofia ya serikali, anateremka kwenye kisima kikavu katika magofu na kutokezea miaka mia sita nyuma, ndani ya ngome iliyozingirwa na maadui. Kwa kuwa alisoma tarikhi skuli, anajua kwamba siku ya saba ngome itaanguka, na itaanguka kwa sababu mtu wa ndani atawafungulia adui mlango. Asilolijua ni mtu gani. Ana siku saba za kumtafuta, na kila anayemwonyesha wema anamtilia shaka.

Aliyeitoa riwaya hiyo madaftarini ni Anselimu, mtu wa bara mwenye duka la kuchapisha karatasi pale karibu na bandari. Alipiga chapa sura moja moja, akaanzisha kundi la WhatsApp, na kila Ijumaa akaituma sura mpya. Mwezi wa Rajab ulipoingia wasomaji walikuwa themanini na wanne, na kila mmoja ana lake la kusema.

Mkulima mmoja aliandika kuwa mpima ardhi anakula muhogo katika sura ya tatu, na muhogo zama hizo haukuwa umefika kisiwani, kwa hiyo ama mwandishi aufute ama aeleze kaupata wapi. Silima akaufuta, akamlisha mtama. Mwanafunzi mmoja akauliza simu gani hiyo inayokaa na chaji siku nne. Mwanamke wa Mkoani alitaka kujua vipi mume wa mtu anakaa zama za watu siku saba asimkumbuke mkewe hata mara moja. Kisha shehe mmoja wa Micheweni akatia lake: mtu aliyesafiri miaka mia sita bila ya kutoka hapo alipo, je, ni msafiri wa kupunguza sala au si msafiri? Hapo kitabu kikasahauliwa. Siku tisa watu walitoleana hoja, wengine hawasalimiani mpaka leo, na Silima mwenyewe, mwenye riwaya, hakuna aliyemuuliza neno.

Yote hayo aliyavumilia. Lililomchoma ni sura ya kumi na mbili, ile ya kumfichua msaliti. Alimfanya kuwa mfanyabiashara mgeni wa shanga, mwenye jicho moja bovu. Wasomaji wakamjia juu. Walisema walimjua tangu sura ya pili, kwani mgeni mwenye jicho bovu atakuwa nani tena? Anselimu alichapa sura ile kwa uaminifu, kisha akaandika maoni yake chini yake kama msomaji mwengine: "Ninyi watu wa visiwani, kila kibaya lazima kishuke bandarini."

Silima alinuna siku nne. Chakula alikuwa akikisukuma, na mwanawe Zulekha, mwalimu wa skuli ya maandalizi, ndiye aliyekuwa akimbembeleza. Siku ya tano akaandika upya. Safari hii msaliti akawa mlinzi wa kisima, mtu mpole, wa sala tano, anayewagawia watu maji kwa kata. Mtawala alipoamuru wajenzi wa ukuta wanyimwe maji ili wanajeshi wapate, mlinzi yule alivumilia siku mbili. Ya tatu akafungua usiku kijilango cha ukuta kilichokuwa kando ya kisima, wajenzi watoke wakanywe mtoni. Wajenzi wakatoka. Adui akaingia.

Maoni yaliyokuja hayakuwa ya muhogo. Yule mwanamke aliyetetea mke wa mpima ardhi alisema aliiweka simu chini akashindwa kuendelea kupika. Shehe wa Micheweni aliandika "Allahu akbar" peke yake, bila ya suala. Silima aliyasoma maoni yale mpaka akayajua kwa moyo. Alifurahi kuliko siku aliyooa, ingawa hilo nyumbani hakulisema. Mwezi wa Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, Anselimu akachapisha nakala sitini, zenye jalada la kijani na picha ya kisima.

Mwezi uliofuata, zikiwa zimebaki wiki tatu harusi ya Zulekha ifanyike, kijana aliyemposa alipiga simu. Kijana huyo ni Usama, mtu wa Makangale, mlinzi wa msitu wa Ngezi, mpole na mwenye adabu. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiangalia mlango.

Alimwambia mkwewe mtarajiwa kwamba wazee wake wamekisoma kitabu, na wanamtaka Makangale Jumapili. Silima akachangamka, akauliza wamekionaje. Kisha Usama akaeleza, kwa maneno machache, jambo ambalo hata kulieleza hakuruhusiwa. Ukoo wao hujulikana kuwa ni kizazi cha mkuu wa walinzi wa ngome ya kale, ile ile aliyoiandika Silima. Ndivyo wanavyojitaja mbele za watu. Lakini mwanamme wa ukoo ule posa yake ikishakubaliwa, hukalishwa na wazee watatu akaambiwa kweli: babu yao hakuwa mkuu wa walinzi. Alikuwa mlinzi wa kisima, na ndiye aliyefungua mlango. Kila Shaaban wanaposoma hitima na kuwarehemu wazee wao kwa majina, msomaji hufika mahali akakohoa kidogo, akaruka jina moja. Kijana akishaambiwa huapa kuwa hatolitoa.

"Mie niliambiwa mwezi wa Rajab, baba," alisema Usama. "Na sura yako ukaibadilisha Shaaban. Themanini na wanne wanayo ile ya kwanza kwenye simu zao, na tarehe ipo. Wazee wanasema siri nimeitoa mimi. Wakishika hivyo, hawatosimama na harusi, na radhi zao sina."

Silima alijibu upesi kuwa atakuja na atawaeleza, kwani sura ile kaibuni mwenyewe kwa akili yake. Alilisema hilo kwa kiburi kidogo, na kiburi chenyewe alikuwa na haki nacho, au ndivyo alivyodhani.

Jumapili alitoka Mkoani kwa vespa yake alfajiri na mapema, kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, hoja zake amezipanga. Njia ni ndefu, kisiwa kizima kutoka kusini mpaka kaskazini. Alikuwa ameshapita Konde, ameanza kuingia kwenye kivuli cha msitu, alipoanza kujisikilizisha maelezo yake. Atawaambia: nilikuwa nimenuna, sikuwa nikila, siku ya tano likanijia wazo. Likamjia vipi? Akakumbuka. Zulekha alikuwa anapiga pasi nguo za kazi. Alimwona babake kainamia daftari, akasema, bila ya kunyanyua uso: "Baba, kwani asiwe mtu mwema? Yule mwenye kuangalia maji, kwa mfano."

Silima akasimamisha vespa pembeni. Injini ilizima yenyewe. Alikaa pale juu ya kiti, miguu chini. Usama alimwambia mchumba wake. Mchumba wake akamwambia babake. Kile kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika hakikutoka kwake hata kidogo. Kilikuwa siri ya watu, na yeye kaitia jalada la kijani akaigawa. Alitamani kugeuza. Lakini akigeuza ndiyo kakiri, na Zulekha wake atarudishiwa posa na sababu itakuwa mdomo wake mwenyewe. Akawasha vespa.

Nyumbani kwa Mzee Duni, ami yake Usama na mkubwa wa ukoo, walimpokea kwa heshima inayotisha. Wazee watatu walikaa juu ya mkeka, kanzu zimepigwa pasi. Usama alikaa mlangoni, uso umemkauka. Bi Moza, mke wa Mzee Duni, mwanamke mkubwa mwenye magoti mabovu, alileta kahawa na kukaa kitako nyuma ya pazia la chumbani, kwa kuwa mambo yale si ya wanawake. Kitabu kilikuwa katikati yao, kimewekewa kijiti sura ya kumi na mbili. Kando yake, juu ya kibao cha marfaa, msahafu.

Mzee Duni alianza kwa kukisifu. Alisema kakisoma mara tatu, na kwamba pale wajenzi wanapokunywa maji mtoni alilia, mtu mzima. Katika maisha yake Silima hakuwahi kupata maoni kama yale kutoka kwa msomaji, na hakuweza kuyafurahia. Kisha mzee akauliza kwa upole ni lini aliibadilisha sura. Silima akataja mwezi. Akauliza kwa nini. Silima akasema wasomaji walimkataa yule mgeni wa shanga. Akauliza na huyu wa kisima kampata wapi. Silima akasema kuwa mwandishi huwaza hili na lile.

"Miaka mia sita," alisema Mzee Duni. "Hakuna alolipata kwa kuwaza. Weye tu?"

Akausogeza msahafu. Alimtaka aape kwamba Usama hakumwambia. Silima alitawadha, akaweka mkono, akaapa kwa sauti inayosikika kuwa Usama hakumwambia neno, wala kwa mdomo wala kwa maandishi, kabla ya kitabu kutoka. Lilikuwa kweli tupu. Usama alishusha pumzi, na Silima akadhani yameisha.

Hayakuisha. Mzee wa pili, mwembamba, alisema kuwa kiapo kizuri, lakini maji hupita penye ufa wowote. Sasa aape hakuna mtu yeyote aliyemtilia neno lile.

Mkono wa Silima bado ulikuwa juu ya msahafu. Hakuuondoa na hakusema. Kuapa uongo hakuweza, alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu. Kumtaja mwanawe hakuweza vilevile. Alisikia kikombe kinagonga sahani mahali fulani, na Usama mlangoni akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Kila nukta iliyopita ilikuwa inamjibia.

Pazia likavutwa.

"Kama leo ni siku ya kuapa, basi tuapeni sote," alisema Bi Moza, bila ya kusimama, magoti hayo. "Wekeni mkono na nyie, mmoja mmoja, aape hajapata kumwambia mkewe. Aanze huyu wangu."

Ajabu ilikuwa kuwatazama wazee wale. Mzee mwembamba aliangalia dari. Wa tatu alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Mzee Duni alijimiminia kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa. Bi Moza aliendelea kwa sauti ile ile ya kuuliza nani bado hajapata kahawa, akasema kuwa wanawake wa ukoo ule wanalijua jina la mlinzi wa kisima tangu enzi, humtaja jikoni siku za hitima ili naye apate thawabu zake, kwa kuwa wanaume wanamkohoa. Wala hajapata kuelewa mtu aliyewanywesha wenye kiu anaonewa haya ya nini.

Msahafu ulirudishwa juu ya rafu. Hakuna aliyeagiza, mzee wa tatu aliinuka tu akaurudisha.

Lakini heshima ya ukoo ni heshima ya ukoo. Mzee Duni alisema harusi ipo na radhi ipo, ila kitabu hakiwezi kubaki vile. Nakala zikusanywe, na sura ya kumi na mbili ile ya mwanzo irejee. Silima alikubali hapo hapo. Alikubali upesi kiasi cha kuwashangaza, akasimama kuaga.

Nakala hamsini na tatu zilipatikana. Anselimu aliipiga chapa tena sura ya mgeni wa shanga huku akigugumia kuwa hajapata kuona mwandishi anayejichoma kisu mwenyewe. Wasomaji hawakumsamehe. Waliandika kuwa kaogopa, kuwa kaishiwa, kuwa kitabu kizuri kakiharibu mwisho kwa mkono wake. Shehe wa Micheweni aliuliza kwa masikitiko yule mlinzi wa kisima kafanya kosa gani hata akafutwa. Silima aliyasoma yote, hakujibu hata moja. Yalimuuma, na yalimuuma zaidi kwa kuwa wasomaji wale walikuwa na haki.

Alasiri ya kuamkia harusi aliingia chumbani kwa Zulekha. Wapambaji walikuwa wametoka kwenda kusali, yeye kakaa juu ya jamvi, mikono kaiweka mbele, hina mbichi mpaka viwikoni. Kitabu kipya kilikuwa pembeni yake. Alisema alimwomba mdogo wake amfunulie kurasa. Kisha akasema, macho chini:

"Ule mwisho wa mlinzi wa kisima ulikuwa mzuri zaidi, baba."

"Ulikuwa mzuri," alisema Silima. "Haukuwa wangu."

Zulekha alinyanyua uso akamwangalia. Alianza kulia bila ya sauti, akamshika babake mkono kwa mikono yote miwili, na hina ile yote. Silima hakuuondoa. Siku ya pili alikwenda kumwozesha mwanawe na kiganja kilichoiva wekundu kama cha bibi harusi. Watu wakamtania msikitini, na akawaacha wamtanie.